Sista na Vifaranga wa Zambarau

Mama mkwe wa Teodora alishuka kwenye meli ya Bukoba akiwa na begi moja la nguo, rozari shingoni, na tenga lenye kuku watatu wa kienyeji, matetea watupu, wanaopiga kelele utadhani wao ndio waliolipa nauli. Mwanawe Jovinary alipotaka kumpokea tenga, alipewa begi. Tenga bibi alilibeba mwenyewe hadi kwenye teksi, na safari nzima mpaka Buswelu likakaa mapajani mwake.

Masharti aliyatoa kabla hata chai haijapoa.

"Nimekuja kwa sababu mmenisumbua mno kwa simu," alisema Bibi Prudencia. "Nitakaa. Lakini kuku wangu watembee, wasifungiwe mchana kutwa kama mahabusu. Na siku watakapokwisha, wote watatu, mtu asinibembeleze. Mnanikatia tiketi, narudi kwangu Muleba."

Jovinary alicheka, akadhani mama yake anatania. Teodora hakucheka. Alikuwa ameishi na ukoo huo miaka ya kutosha kujua kwamba Bibi Prudencia anaweza kutania kuhusu padri, kuhusu ndoa na hata kuhusu kifo, lakini akishasema "narudi kwangu" anakuwa amemaliza.

Majirani wa Buswelu hawakumwelewa Teodora hata kidogo. Mama mkwe amekuja, na njia ya kumwondoa ameitaja kwa mdomo wake mwenyewe. Mkwe mwingine angekaa kibarazani akasuka nywele, akawaachia wanyama wafanye yao. Dorcas wa nyumba ya pili, mwanamke wa Ukerewe asiye na kificho, alimwambia waziwazi, "Wewe shoga una bahati mpaka inaudhi. Sahau kufunga banda siku mbili tu." Teodora alicheka, ila kicheko kiliishia mdomoni.

Yeye ni Msukuma wa Misungwi, na mama yake mzazi alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Alilelewa kwa shangazi huyu, akahamia kwa shangazi yule, kisha kwa mke mkubwa wa baba mdogo. Wote walimtendea wema, wala hana la kuwalaumu, lakini kila mmoja alikuwa na watoto wake, na Teodora alijifunza mapema kukaa pembeni mwa mkeka. Akasoma, akawa muuguzi kwenye zahanati, akaolewa na mwalimu Jovinary, akawa na nyumba yake. Hakujua kama kuna kitu amekikosa mpaka juma lile la kwanza la mama mkwe, aliporudi asubuhi kutoka zamu ya usiku, macho yamevimba, akakuta uji wa ulezi mezani umefunikwa kwa sahani.

"Kaa," bibi alimwamuru. "Kunywa. Usiseme neno mpaka kikombe kiishe."

Hakuna mtu aliyewahi kumwamuru hivyo maishani. Alikunywa machozi yakimlengalenga, akasingizia mvuke. Na pale pale akajua anachokitaka: huyu mama asiondoke. Kama mama yupo kwa sababu ya kuku, basi Teodora, ambaye tangu utotoni alikuwa anaogopa hata kumshika kuku miguu, angekuwa mlinzi wa kuku.

Kazi haikuwa ndogo. Sisi watu wa Mwanza tunajisifia mawe yetu, tunawapigisha wageni picha mbele yake, lakini hatuwaambii ni nani anaishi ndani. Nyuma ya nyumba ya Jovinary kuna kilima cha majabali yaliyopandana. Pimbi wanaoota jua pale juu hawana shida na mtu. Shida ni nguchiro, wanaotoka kwenye nyufa mchana kweupe, kifamilia, kama watu wanaokwenda sokoni. Upande wa chini kuna korongo lenye kenge mnene anayependa mayai. Kicheche anapita jua likishazama. Na juu ya wote hao yuko mwewe, anayezunguka kwa raha zake na mkia wake wa panda, hana haraka na hana nauli.

Kuku wa kwanza alichukuliwa na kicheche kwa uzembe wa Jovinary. Banda lilikuwa na kuta, lilikuwa na bati, halikuwa na mlango. Mlango ulikuwa "kesho", na kesho hiyo ilichukua juma zima. Asubuhi walikuta manyoya na damu kidogo kwenye kizingiti. Bibi Prudencia alimtazama mwanawe wa kumzaa, mwalimu wa jiografia, mtu mzima mwenye mvi, akamwambia, "Baba yako angekuwa hai ungelala nje leo." Jioni ile ile mlango ulikuwepo, na makomeo mawili, na mawe yamefukiwa kuzunguka banda lote ili mnyama asichimbe kuingia. Jirani yao Chenge, mvuvi aliyestaafu kule Igombe, alikuja kusaidia, na kusema kweli ndiye aliyefanya kazi. Jovinary alishika tochi.

Tangu hapo usiku haukuwa na tatizo. Tatizo likabaki mchana, na mchana ndio hasa aliouwekea bibi sharti. Jovinary alipojaribu kupendekeza uzio wa waya, kuku wakae humo humo na chakula wapelekewe, mama yake alimwuliza kama naye angependa kuletewa ugali bafuni. Suala likafungwa. Haikupita muda, kuku wa pili akapotelea nyuma ya choo. Dorcas aliwaona nguchiro wakiburuta kitu kuelekea majabalini, akapiga kelele, akachelewa.

Akabaki mmoja.

Huyo mmoja alikuwa mweupe mwili mzima isipokuwa kichwa na shingo, vilivyokuwa vyeusi tii, na kwa ajili hiyo bibi alimwita Sista. Katekista wa kigango hakulipenda jina hilo, na alilichukia zaidi Sista alipoanza kutembea na jogoo wa Chenge. "Ungemwita hata Veronika," alishauri. Bibi akamjibu kwamba kuku hajaweka nadhiri yoyote. Sista akataga, akaatamia kwenye beseni bovu lililowekwa majani makavu, na Teodora akawa anatoka zamu moja kwa moja hadi bandani kuhakikisha bado yupo. Alipoanza kusikia sauti ndani ya mayai, alimpigia mumewe simu akiwa darasani. Jovinary alitoka nje akidhani kuna msiba.

Vifaranga walitotolewa kumi na mmoja. Bibi aliwahesabu kwa Kihaya, Teodora akawahesabu kwa Kisukuma, wakakubaliana. Zilikuwa siku njema zile. Bibi alikaa kwenye kigoda na fimbo yake, Teodora alikaa chini akichambua mchele, Sista akachakura na kuita, na lile kundi dogo la manjano likakimbia huku na huku. Walizungumza mambo yasiyo na mwisho wala maana: nani alimwoa nani, senene wa mwaka huu, dagaa wa Kirumba na wa Bukoba wapi wananukia vizuri. Teodora alikuwa na furaha, na alikuwa na hofu, vyote pamoja, kwa sababu mwewe naye alikuwa amehesabu.

Wa kwanza alinyakuliwa bibi akiwa ameenda kuchukua ugoro. Wa pili akanyakuliwa mbele ya macho yao, fimbo ikiwa mkononi. Kivuli kikapita, mlio mmoja mdogo, basi. Bibi alirusha fimbo angani na kutoa neno ambalo baadaye alikwenda kuliungama.

Chenge akaleta wavu. Alikuwa na wavu wa zamani wa dagaa, mrefu, na alikuwa na mpango aliouelezea kwa mikono yote miwili: wavu utandazwe juu ya uwanja kutoka kona ya nyumba hadi kwenye banda, mwewe ashuke, anase, "tumtoe kama sangara". Wakahangaika nao kutwa nzima. Kesho yake saa sita mchana zilisikika kelele za ajabu, wote wakatoka mbio, Chenge akiwa mbele na panga. Aliyenasa alikuwa jogoo wa Chenge mwenyewe, ananing'inia kwa mguu mmoja, bado anajaribu kuwika. Mwewe alikuwa kwenye nguzo ya umeme, anatazama. Dorcas alicheka mpaka akakaa chini. Wavu ukaondolewa kimyakimya, na Chenge hakuonekana siku mbili.

Ni Dorcas huyo huyo aliyekuja na habari ya rangi. Siku hizi hakuwa anataja tena kusahau milango. Alikuwa amemwona Teodora akikimbia na ndala mkononi kumfukuza kenge, akaelewa kwamba hapa hakuna mchezo. Kwao Nansio, alisema, vifaranga hupakwa rangi. Mwewe anamjua kifaranga wa manjano, anamjua wa kahawia. Mwekee kitu cha rangi asiyoijua, atashuka, ataduwaa, ataondoka.

"Rangi gani?" Teodora aliuliza.

"Yoyote isiyo ya kuku."

Muuguzi hakosi rangi. Nyumbani alikuwa na chupa ya jivii, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda na midomo ya watoto. Jumapili, bibi na Jovinary wakiwa misani na yeye ametoka zamu, aliichanganya na maji kwenye beseni, akapiga moyo konde, akawakamata vifaranga mmoja mmoja. Kwa mtu aliyekuwa anaogopa kuku, alijitahidi mno. Alijitahidi kupita kiasi: aliwachovya wote, kichwa, mabawa, mgongo, mpaka vidole. Kisha akawaweka juani wakauke, akajisikia mtu wa maana.

Bibi Prudencia aliporudi kanisani alisimama getini, akatazama.

"Teodora."

"Abee, Mama."

"Pasaka imepita. Mbona umewavisha Kwaresima?"

Teodora alikuwa anaanza kueleza, mikono yake ya zambarau ikiwa imefichwa nyuma, ndipo wote wawili wakasikia. Sista alikuwa amefunguliwa, vifaranga wakamkimbilia kama kawaida yao, na Sista akawadonoa. Hakuwa anawachezea. Alimrukia wa kwanza, akamrukia wa pili, akapanua mabawa na kuwafukuza, kisha akakimbia uwanjani akiwaita watoto wake kwa sauti ya kutia huruma, huku watoto wenyewe wakimfuata nyuma wanalia, na kila aliyemfikia anapigwa mdomo.

"Umewapaka na vichwa?" bibi aliuliza, sauti imebadilika.

"Kila mahali, Mama."

"Mungu wangu. Sasa atawajuaje? Hata wewe, nikikupaka uso mzima rangi ya madirisha, mama yako angekujua?"

Alisema bila kufikiri, na mara alipolisema akakumbuka, akanyamaza. Teodora alitazama chini. Hakuchukizwa. Alikuwa anawaza jambo moja tu, kwamba kwa mikono yake miwili, kwa nia njema na dawa ya zahanati, amewamaliza kuku ambao mwewe, nguchiro na kenge walishindwa kuwamaliza.

"Lete kikapu," bibi alisema. "Na acha kutetemeka, watakuona."

Mchana ule vifaranga walishinda kikapuni jikoni, karibu na joto la mkaa, wamefunikwa kitambaa. Bibi alikwenda kwenye lile beseni walimototolewa, akakusanya majani yake na manyoya ya Sista yaliyobaki, akaja nayo, akaanza kumsugua kifaranga mmoja mmoja taratibu. Alimfundisha Teodora asugue vipi, asibonyeze wapi. Jua lilipokuwa linazama na Sista ameshaingia bandani kulala, walimfuata wote wawili. Kuku akishalala ni mzito wa akili, bibi alieleza, hana ugomvi na mtu. Waliwaingiza kwa chini, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akitoweka kwenye manyoya meupe.

Kisha wakakaa mlangoni kusikiliza. Sista alijitikisa. Kimya. Akatoa mlio wa ndani ya koo, ule wa chini kabisa, mama anaoutoa akiwa na watoto chini yake, na kutoka chini ya mabawa wakamwitikia. Bibi Prudencia aliushika mkono wa Teodora, ule wa zambarau, akaubana. Teodora aliona kama moyo wake umetuliwa mzigo wa kuni.

Asubuhi Sista alitoka na watoto wake wote tisa. Aliwatazama kwa jicho moja, akawatazama kwa jicho la pili, na kwa kuwa sauti ni zao na harufu ni yake, akaamua kuwa mambo ya rangi hayamhusu. Na mwewe? Mwewe alikuja kama kawaida, akazunguka, akashuka mpaka usawa wa paa. Hapo akasita. Vile vitu vya zambarau vilikuwa vinatembea kama vifaranga na kulia kama vifaranga. Akapiga mabawa, akapaa, akarudi kwenye nguzo yake, akakaa anafikiri. Dorcas akapiga vigelegele vilivyosikika mpaka barabarani. Zahanati nzima ilicheka mikono ya Teodora wiki ile, naye akawa anaionyesha kwa fahari.

Rangi ililinda vifaranga mpaka manyoya ya kweli yalipoanza kuota. Zambarau ikabaki madoa madoa mabegani na kiunoni, na watoto wakawa wakubwa wa kukimbia na kujificha. Bibi alianza kunenepa kidogo. Alijua majina ya wauza mboga wote wa Buswelu na alikuwa amegombana na nusu yao. Mtu akimwuliza habari za Muleba, anasema kule kuzuri, kisha anabadilisha mazungumzo. Teodora akathubutu kuamini.

Ndipo ikaja Alhamisi ile. Bibi alikuwa kwenye sala za jumuiya nyumba ya jirani, Teodora anafua. Alisikia Sista akilia, mlio ambao hakuwahi kuusikia, akaacha nguo kwenye povu akakimbia bila viatu. Sista alikuwa chini ya majabali, mwili umetutumka mara mbili ya kimo chake, mabawa yanagusa ardhi. Nyuma yake, kwenye kichaka cha miiba, vifaranga wamejikunyata. Mbele yake nguchiro watatu. Wangeweza kumzunguka, hakuwapa nafasi. Kila mmoja aliyesogea alimrukia usoni. Teodora aliokota jiwe, akarusha, akakosa. Akaokota la pili. Wawili wakakimbia. Wa tatu akamdaka Sista shingoni, ile shingo nyeusi, akaingia naye kwenye ufa wa mwamba, na hapo hakuna mkono wa mtu unaofika.

Teodora alipiga magoti kwenye miiba, akawaokota vifaranga mmoja mmoja kwenye kanga yake. Wote tisa walikuwepo. Alilia njia nzima kurudi, kwa sauti, hakujali nani anamwona.

Angeweza kudanganya. Sokoni hakukosekani kuku mweupe, na kichwa cheusi, kwa mtu mwenye chupa za dawa, si shida. Wazo lilikuja, akalifukuza. Alikaa mlangoni na kanga yake inayotikisika, na bibi alipoingia getini, akasema yote kwa mkupuo.

"Mama, Sista ameondoka. Nguchiro. Nilikuwa nafua, nikachelewa kidogo tu."

Bibi Prudencia alisimama. "Na watoto?"

"Wote wapo."

Bibi akaifunua kanga, akatazama, akaifunika. Akachukua kigoda chake akakipeleka katikati ya uwanja, akakaa peke yake. Alikaa pale mpaka jioni. Mara nyingine aliangalia majabali, lakini muda mwingi aliangalia juu. Chakula cha usiku alikula vizuri, bila neno, na neno lake Teodora alilijua: watatu wamekwisha. Jovinary alijaribu kumwambia mkewe chumbani kwamba labda mama hatakumbuka. Hata yeye mwenyewe hakuiamini sauti yake.

Asubuhi, Teodora akiwa jikoni anakoroga uji, alimsikia bibi sebuleni.

"Jovinary, meli ya Bukoba inaondoka lini?"

Mwiko ukamtoka mkononi. Teodora aliinama kuuokota akabaki ameinama, ameshika ukingo wa meza, anajikaza asisikike. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alisikia mumewe akijibu taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa, na bibi akasema, "Vizuri. Kata tiketi."

"Sawa, Mama. Nitakusindikiza."

"Unisindikize wapi? Tiketi ni yako."

"Yangu?"

"Mimi niende wapi?" Bibi alikuwa amekasirika kabisa sasa. "Nina watoto hapa wamebaki bila mama. Niwaachie nani? Wewe, mtu wa mlango wa kesho? Nilisema kuku wakiisha naondoka. Nilisema nikiwa mgeni. Sasa nisikilize, nawe Teodora toka huko jikoni, najua unasikia."

Teodora akatoka, uso umelowa, mwiko mkononi.

"Muleba nimefuga kuku tangu nilipoolewa," bibi alisema, "na mwewe hakuwahi kunichukulia hata kifaranga mmoja. Nilidhani ni kwa sababu nasali. Jana nimekaa pale uwanjani nikatazama juu, nikaona mbingu yote. Yote! Kule kwangu mtu akikaa nje haoni mbingu, anaona majani ya migomba. Kuku wanatembea chini kutwa nzima, mwewe anapita juu hana habari. Nikawatoa kuku kwenye migomba, nikawaleta mahali peupe kama meza ya chakula, kisha nikawalaumu ninyi. Nguchiro naye hapendi kukatiza migomba yenye watu na majembe. Nilibeba kuku nikaacha nyumba yao. Mtu mzima kama mimi."

Akamgeukia mwanawe. "Utakwenda kule kuchimbua machipukizi ya migomba. Chukua ya ndizi za kupika yaliyo nyuma ya jiko, yenye afya. Mwite bwana shamba ayakague, yasije na ugonjwa wa mnyauko. Na moja," hapa sauti yake ikashuka, "moja ulitoe kwenye lile shina lililo upande wa kichwa cha baba yako."

Jovinary alimtazama. Baba yake amezikwa katikati ya shamba la migomba, kama wazee wote wa ukoo ule, na shina lililo kichwani pake halikuwa linaguswa na mtu isipokuwa mama, kila Novemba, kulipalilia.

"La kwa baba, Mama?"

"Umesikia."

Shule ilipofunga, Jovinary alikwenda. Siku zile bibi na Teodora walikata matawi, wakayaegesha kwenye kuta na mawe, wakatengeneza vichochoro vya kivuli uwanja mzima, na kumwekea kila kifaranga pa kukimbilia mpaka migomba ikue. Chenge alileta tena wavu wake. Safari hii uliwekwa kusimama, upande wa majabali, na jogoo akafungwa siku hiyo kwa tahadhari. Vifaranga wakamfuata bibi kila alikokwenda, mpaka mlangoni mwa choo, naye akawa anawakemea kwa Kihaya.

Jovinary alirudi na magunia mawili, mgongo unamuuma, na barua ya bwana shamba. Walipanda siku hiyo hiyo. Bibi alielekeza kwa fimbo, Jovinary na Chenge wakachimba, Dorcas akaleta samadi ya mbuzi. Lile chipukizi moja lilikuja peke yake, limefungwa kwenye shati kuukuu. Bibi hakumpa mtu yeyote alichimbie. Alimwonyesha Teodora mahali, kati ya banda na mlango wa jiko.

"Chimba wewe."

Teodora alichimba mpaka bibi akasema inatosha. Bibi akapiga magoti kwa shida, akalisimamisha chipukizi, akalirudishia udongo kwa mikono yake, akaushindilia. Kisha, badala ya kuinuka, akaanza kuzungumza nalo kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, bila haraka, kama anavyozungumza na mtu aliyefika amechoka na safari. Teodora hakuelewa. Ila alisikia jina lake likitajwa, na baada ya kidogo likatajwa tena.

"Anasema nini?" alimnong'oneza mumewe.

Jovinary alijikuna shingo, akatazama pembeni.

"Anamwonyesha Baba watu wa hapa," alisema. "Anamwambia huyu Teodora ni binti yetu, ndiye wa kumwangalia kwanza. Na asipomwona asubuhi asihangaike, atakuwa yuko zamu."

Teodora aliziba mdomo kwa mkono.

"Mwambie alete maji," bibi alisema bila kugeuka. "Baba yake ana kiu."

Teodora akachukua ndoo, akaenda.